Malindo ya prosesa: Namna keneli inavyomnasa anayeharibu kumbukumbu

LIBOI ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, kwenye barabara ipitayo Dadaab kuelekea Somalia. Wakazi wake wamezoea vizuizi na doria. Wanalolijua wachache ni kwamba simu zilizomo mifukoni mwao zina mpaka wa ndani pia, na kwamba walinzi wanaoweza kuwekwa humo kuikagua kumbukumbu, mara nyingi, hawazidi wanne kwa kila kiini cha prosesa.

Simu nyingi za kisasa zinazouzwa nchini hutumia Android, na chini ya Android kuna keneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliitoa kwa umma mwaka wa 1991, mwaka ule ule ambao wakimbizi wa vita vya Somalia walikuwa wakimiminika Liboi. Keneli ndiyo moyo wa mfumo wa uendeshaji. Hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu na kusimamia redio, skrini na betri. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake. Keneli ikikosea, simu nzima huzimika.

Kosa linalowasumbua mno wahandisi ni lile ambalo sehemu moja ya keneli huharibu mali ya sehemu nyingine. Tuchukue mfano wa kubuni. Simu iliyo karibu na mpaka huhama mara kwa mara kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Tuseme kila inapohama, programu inayosimamia redio huandika namba moja nje ya eneo lililotengewa, ikaifuta namba ya jirani yake. Jirani huyo hana uhusiano wowote na redio. Dakika ishirini baadaye anaisoma namba yake, anapotea, na simu inazima. Ripoti ya ajali itamtaja aliyesoma, wala si aliyeharibu. Yaani mwathiriwa ndiye anayeshtakiwa. Mfanyabiashara aliyekuwa akituma malipo ya mbuzi anabaki hajui kama fedha zilifika. Naye mhandisi aliye Nairobi halioni kosa hilo kamwe, maana mezani pake simu haihami mtandao.

Njia ya zamani ya kumsaka mharibifu ni kupachika maandishi ya taarifa ndani ya keneli na kuyasoma baadaye. Tatizo ni kwamba maandishi hayo hubadilisha mwendo wa kazi, na kosa lenyewe huenda likajificha. Njia nyingine ni kuiendesha programu hatua kwa hatua, huku namba inayoshukiwa ikikaguliwa kila baada ya hatua. Mwongozo wa GDB, chombo mashuhuri cha kutafutia makosa, unaonya kwamba mbinu hiyo hupunguza kasi mara mamia.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa prosesa waliweka ulinzi ndani ya prosesa yenyewe. Intel ilipotoa prosesa ya 80386 mwaka wa 1985, iliipa rejista maalumu za kazi hii. Nne, DR0 hadi DR3, hubeba anwani za kulindwa. DR7 hueleza kila lindo linangoja nini: amri kutekelezwa, data kuandikwa, au data kusomwa na kuandikwa. DR6 husema ni lindo lipi lililopiga kengele. Eneo la lindo moja ni dogo mno, baiti 1, 2, 4 au, katika prosesa za biti 64, baiti 8. Lakini programu huenda kwa kasi yake ya kawaida, na yeyote anayeigusa anwani hiyo hushikwa papo hapo, kalamu ikiwa bado mkononi.

Simu nyingi hutumia prosesa za ARM, ambazo mpango wake ni tofauti kidogo. Cortex-A53, kwa mfano, ina malindo manne ya data na sita ya amri. Kwa Intel, kengele ya data hulia baada ya kuandikwa. Kwa ARM hulia kabla. Hivyo basi keneli hulazimika kuliondoa lindo kwa muda, kuiruhusu amri moja ipite, kisha kulirudisha. Isipofanya hivyo, amri ile ile itashikwa daima na kazi haitasonga mbele.

Ugumu halisi umo katika usimamizi. Malindo ni machache na wanaoyataka ni wengi. Kwa muda mrefu, katika Linux, ptrace iliyahudumia kwa ajili ya programu za kawaida. Kisha kgdb, iliyoingizwa katika toleo la 2.6.26 mwaka wa 2008, ikayataka kwa ajili ya keneli yenyewe. Hapakuwa na karani wa kuandika nani ameshika lipi. Alan Stern alianza kupendekeza utaratibu wa pamoja, K. Prasad wa IBM akauendeleza, na Frederic Weisbecker akaujenga upya juu ya mfumo wa perf. Uliingia katika toleo la 2.6.33, lililotoka Februari 2010.

Hesabu ya karani huyo inapendeza. Kila kiini cha prosesa kina rejista zake, kwa hiyo lindo la keneli nzima sharti liwekwe katika kila kiini; likikosekana katika kimoja tu, mharibifu atapitia hapo. Lindo la programu moja, kwa upande mwingine, hupakiwa zamu ya programu hiyo inapofika na kuondolewa zamu inapokwisha. Kwa kuwa programu hupokezana, keneli haijumlishi malindo ya programu zote. Huchukua idadi kubwa zaidi inayoshikiliwa na programu moja, ikaongeza malindo ya kudumu ya kiini hicho. Jumla ikizidi nafasi zilizopo, mwombaji hukataliwa mara moja kuliko kuahidiwa mlinzi ambaye hatakuwapo.

Aidha, si kila mtu aruhusiwe kuweka lindo popote. Keneli huikagua anwani, na programu ya kawaida inayotaka kuchungulia upande wa keneli hufukuzwa. Hata hivyo ulinzi huu uliwahi kugeuka mlango. Mei 2018 ilitangazwa kasoro iliyopewa namba CVE-2018-8897. Katika prosesa za Intel na jamii yake, kengele inayopigwa na amri ya kubadilisha rejista ya SS hungoja mpaka amri inayofuata imalizike. Iwapo amri hiyo ya pili ndiyo inayovuka kuingia keneli, kengele iliyotegwa upande wa mtumiaji hulia upande wa pili wa mpaka, kabla keneli haijajipanga. Windows, macOS, Linux na FreeBSD zote ziliathirika na kurekebishwa. Chanzo hakikuwa uzembe wa kampuni moja. Waandishi wengi wa mifumo hawakuielewa ipasavyo miongozo ya prosesa, jambo linalosema mengi kuhusu uandishi wa miongozo hiyo.

Tena zipo njia za panya. Lindo huangalia anwani kama prosesa inavyoiona. Kumbukumbu hiyo hiyo ikifikiwa kwa anwani nyingine, kengele hailii. Hailii pia pale kifaa, kama redio ya simu, kinapoandika moja kwa moja katika kumbukumbu bila kupitia prosesa. Mhandisi wetu akiweka malindo yake katika viini vyote, namba ikaharibika na kengele ikanyamaza, basi huacha kuzikagua amri za keneli kwanza, akaenda kutazama ni anwani zipi ambazo redio imeruhusiwa kuandika.