Umbo la msimulizi wa nafsi ya kwanza

Ni namna mwandishi wa hadithi anavyomwonyesha msomaji sura na umbo la "mimi" anayesimulia. Tatizo ni kwamba mtu hajioni. Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ni "mimi" wa namna hiyo.

Kumweka msimulizi mbele ya kioo ndiyo njia iliyochakaa kuliko zote. Vitendo hufaa zaidi. Msimulizi wa kubuni wa Hombolo, Dodoma, akiinama kupita mlango wa tembe, urefu wake umejulikana; bibi akimpokea kwa "Mjukuu wangu, mbona umekonda hivi?", wembamba nao umesemwa. Akijitazama majini, katika bwawa la Hombolo, hicho ni kioo kilekile.

Wasimulizi wengine hawaelezwi umbo kabisa, na hadithi haipungukiwi kitu.