Kanuni, Kodi na Msimbo: Kutafuta Jina la Sheria ya Majengo

Mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa bado hazijashuka Ukambani na vumbi jekundu likiwa limetanda juu ya kila paa la mji wa Kitui, nilisimama karibu na soko la Kalundu nikimtazama fundi mmoja, mtu wa makamo, akiusimamisha ukuta wa matofali ya kuchoma. Kila amalizapo kozi tatu aliweka mwiko chini, akachukua ubao mrefu ulionyooka, akaulaza ubavuni mwa ukuta, akainama na kufumba jicho moja, akitafuta mwanga upenyao baina ya ubao na tofali. Nilimwuliza jina la ubao ule. “Hii ni rula tu, mzee,” alinijibu bila kugeuka. “Nikiona mwanga, hilo tofali linatoka.” Laiti ningalikuwa na ujasiri wa kumtolea darsa mtu aliye kazini juani, ningalimwambia kwamba kitu kile alichokishika mkononi ndicho hasa kanuni.

Kwani neno hili, ambalo leo twalisikia kwa wanasheria na walimu wa sarufi, limetujia kutoka Kiarabu, nao Waarabu waliliokota kwa Wayunani, ambao kanon yao asili yake ni mwanzi, kisha ikawa ufito ulionyooka wa waashi na maseremala wa kupimia unyofu wa kazi, na baadaye sana ndipo ilipopanda cheo ikawa kipimo cha maneno na matendo ya watu. Hata ile kanuni ya taarabu, chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ni ndugu wa tumbo moja na ubao wa fundi wa Kalundu, maana nyuzi nazo zina vipimo vyake. Basi neno lilianza ukutani, likaenda mahakamani na kwenye ngoma, na sasa tunaliomba lirudi ukutani.

Tunaliomba kwa sababu Waingereza wana istilahi yao, “building code”, ya mkusanyo wa masharti ambayo kila jengo sharti liyatimize ili lisiwaangukie watu, lisiwaunguze wala lisiwatie maradhi, na sisi tumekuwa tukibabaika namna ya kuiita. Wako waliotaka kulichukua neno lao hivi hivi na kulitia irabu mwishoni. Walakini wakifanya hivyo hupata “kodi”, na kodi ya majengo ni kitu kingine kabisa, ambacho mwenye nyumba akikisikia hufunga mlango. Wako wengine waliopendekeza “msimbo”, neno jema la posta na la kompyuta, lakini lenye harufu ya siri, ilhali siri ndicho kitu kisichotakiwa kabisa katika jambo hili. Neno la Kiingereza lenyewe latokana na Kilatini, ambako lilikuwa gogo la mti, kisha mbao zilizounganishwa kwa kuandikiwa, kisha kitabu. Hivyo picha iliyomo katika neno lao ni kitabu kilichofungwa, na picha iliyomo katika neno letu ni ufito unaougusa ukuta. Kwa hili sioni haya kusema kwamba istilahi yetu imeishinda ile inayoifasiri.

Kilichomo ndani ya kanuni hizo si kigumu kueleweka: msingi uende chini kiasi gani kwa udongo wa namna gani, nguzo ibebe uzito gani, ngazi iwe na upana gani watu wakikimbia moto, dirisha liingize hewa kadiri gani, maji machafu yapite wapi. Lakini ziko namna mbili za kuliandika sharti, na tofauti yake ndiyo kiini cha kila mjadala wa kuzihuisha kanuni. Namna ya kwanza humwambia mjenzi atumie nini: jiwe la unene huu, saruji kwa mchanga kwa kipimo hiki. Hizo ningeziita kanuni za maelekezo. Namna ya pili humwambia ukuta ustahimili nini, mvua, mzigo, moto wa saa kadhaa, ikamwachia achague udongo, jiwe au tofali, maadamu kipimo kimetimia. Hizo ni kanuni za matokeo. Ya kwanza ni rahisi kukagua, ila humdhulumu maskini ambaye jiwe lililotajwa halipatikani kwao. Ya pili ni ya haki zaidi, ila yahitaji mkaguzi aijuaye kazi yake barabara.

Kenya imezionja zote mbili. Kanuni za mwaka 1968, zilizotegemea sana desturi za Uingereza, zilikuwa za maelekezo, na ziligawanywa daraja la kwanza na la pili. Jina lake rasmi lilibeba sifa moja ambayo watu wengi huipita bila kuitazama: zilikuwa sheria ndogo za kuridhiwa, yaani hazikuwa na nguvu katika mji wowote mpaka baraza la mji ule liketi na kuziridhia. Mwaka 1995 daraja la pili lilirekebishwa kwa mwelekeo wa matokeo, tofali la udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo likakubaliwa nyumbani kwa mtu wa kipato kidogo. Manispaa ya Nakuru ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuridhia, na mabaraza mengi hayakujihimu. Kisha, baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, sheria ya serikali za mitaa iliyozizaa ikafutwa, na kanuni zikaendelea kutumika kama yatima aliyeachiwa nyumba. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, kando ya mto, baada ya mvua kubwa, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa bila idhini. Kanuni mpya za taifa zilitolewa mwaka 2024 na kuanza kutumika Machi 2025, nazo hazingoji baraza liziridhie.

Huku Kitui na Makueni jambo hili lina uso wake wenyewe, na uso huo ni mchanga. Mito yetu ya msimu, Thwake, Kaiti, Tiva, Nzeeu, hukauka juu na kuhifadhi maji chini ya mchanga, na mchanga huo huo ndio malori yaliyokuwa yakiupeleka Nairobi usiku na mchana, hata Makueni ikatunga sheria yake ya kuuhifadhi mwaka 2015. Sheria ile niliifurahia na ningali naifurahia. Lakini mchanga safi wa mtoni ukiadimika, fundi huchota popote, na mchanga wenye udongo mwingi hunywa maji mengi, hauishiki kokoto vizuri, na zege lake hubaki dhaifu hata likitimiza siku zake 28. Kupima hakuhitaji maabara: mtu hutia mchanga katika chupa ya kioo, akaongeza maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiacha itulie, udongo hukaa juu ya mchanga kama malai juu ya maziwa, na kina chake huonekana kwa jicho. Niliwahi kuona chupa kama hiyo dirishani mwa stoo ya mjengo mmoja, upande wa mji wa Wote, utando wa udongo ukiwa mnene kama kidole gumba, na zege la nguzo lilikuwa limekwisha kumwagwa wiki iliyotangulia. Aliyeipima alikuwa mwanagenzi, na hakuna aliyemwuliza.

Inabaki hoja ya mwisho ya lugha, nayo si ndogo. Magazeti aghalabu huandika “kanuni za ujenzi”, nami kwa muda mrefu niliandika vivyo hivyo. Siku hizi napendelea “kanuni za majengo”. Ujenzi ni tendo lenye mwisho: fundi akishuka kwenye jukwaa, ujenzi umekwisha, na kwa neno hilo kanuni nazo zimekwisha. Jengo haliishi hivyo. Mwenyewe huongeza ghorofa juu ya nguzo zilizokusudiwa duka, mpangaji huziba mlango wa nyuma kwa magunia ya mahindi, mfereji huvuja miaka kumi chini ya msingi. Ukaguzi unaohusu ujenzi hautakuwa na neno juu ya hayo, ila unaohusu majengo utakuwa nalo, hata baada ya rangi kukauka. Kwa kipindi cha kazi yenyewe “ujenzi” libaki, kwa maana usalama wa vibarua, kofia zao na ngazi zao ni bab yake mbali.

Fauka ya hayo, kanuni mpya zimeandikwa kwa Kiingereza, hali Katiba ya 2010 inakihesabu Kiswahili lugha rasmi kwa daraja moja na Kiingereza, na wanaozitimiza kwa mikono yao huzungumza Kiswahili na Kikamba kutwa nzima. Yule fundi wa Kalundu, nilipomwuliza kama amewahi kuziona, alifuta jasho kwa kiwiko akasema, “Plani niliiona, mzee, iko kwa mwenye ploti. Hizo kanuni ziko wapi?” Akaulaza ubao tena ubavuni mwa ukuta, akafumba jicho, kisha akaling’oa tofali moja lililokuwa bado na udongo mbichi na kulitupa kando.