Kasuku Mdogo wa Australia na Kasuku wa Maniema

Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini kupitia Livingstone na Broken Hill ilivuka mpaka wa Katanga na kufika kwenye mji mchanga ambao Wabelgiji waliuita Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka huohuo, jijini London, walionyeshwa kasuku wadogo wenye rangi ya buluu kama anga la kiangazi, rangi ngeni kabisa kwa macho ya wafugaji wa Uingereza, kwa maana ndege hao kwao porini ni wa kijani. Walikuwa wameletwa kutoka Ubelgiji. Mji wetu na ndege yule wa buluu ni watoto wa zama moja, zama ambazo nchi ndogo ya Ulaya ilikuwa na fedha, meli na hamu ya kukusanya mali ya dunia nzima, kuanzia shaba hadi manyoya.

Huku Haut-Katanga, ukitaja ndege wa kufugwa anayesema, kila mtu humfikiria kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Yule mdogo wa Australia huonekana kama pambo tu. Lakini historia yake inaeleza, kuliko hotuba yoyote ya uhifadhi, kwa nini kasuku wetu ametoweka katika misitu mingi ya Afrika, na kwa nini mwenzake hajapungua porini hata baada ya kuingia katika mamilioni ya nyumba.

Wasemao Kifaransa humwita perushi. Jina lake la kisayansi, *Melopsittacus undulatus*, lina mizizi katika maelezo ya Mwingereza George Shaw ya mwaka 1805, ingawa wenyeji wa asili wa Australia walikuwa wakimjua na kumla tangu kale. Kutoka mdomo hadi ncha ya mkia ana sentimita 18 hivi, na porini uzito wake ni kama gramu 30. Makao yake ni Australia ya ndani, nchi ya nyasi na vichaka ambako mvua haina kalenda. Mahali penye ukame hahangaiki kupashikilia: kundi zima huondoka kutafuta maji na mbegu, na palipo na bwawa katikati ya jangwa makundi hukutana hadi kufikia maelfu kwa maelfu.

Mvua ikinyesha na nyasi zikitoa mbegu, kazi huanza mara moja. Jike hutafuta tundu katika mti, mara nyingi mkalitusi, na hutaga humo bila kuleta hata kijiti cha kutandika. Hutaga yai moja kila baada ya siku moja, mpaka yawe manne, matano au sita. Huatamia peke yake kwa siku 18 hivi huku dume likimletea chakula. Makinda huruka yakiwa na wiki tano, na kama mbegu bado zipo, jike huanza uzazi mwingine palepale. Ndege anayeishi hivi, asiyejua mvua ijayo itanyesha lini, hana budi kuzaa upesi na kuridhika na shimo lolote atakalolipata. Ukimpa sanduku la mbao lenye tundu la mviringo, kwake ni mti. Hapo ndipo siri yote ya kufugika kwake ilipo.

Mwaka 1840 John Gould, mtaalamu wa ndege aliyekwenda Australia kuchora na kukusanya, alirudi Uingereza na kasuku hao wakiwa hai. Haukupita muda wakawa wanazaa Ulaya. Katika miongo iliyofuata meli zilileta wengine wengi, na bustani ya wanyama ya Antwerpen, iliyofunguliwa mwaka 1843, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza walipozalishwa kwa wingi. Mwaka 1872 huko Ubelgiji alitajwa kasuku mdogo wa njano. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1870, Uccle, karibu na Brussels, akatokea wa buluu.

Habari ya rangi hizo inafaa tuitazame kwa karibu, kwa sababu wengi hudhani wafugaji walimpaka ndege rangi mpya, kumbe walimpunguzia. Unyoya wa kijani wa kasuku huyu hauna rangi ya kijani ndani yake. Una rangi ya njano, ambayo mwili wa kasuku huitengeneza wenyewe, na chini ya njano hiyo kuna tishu yenye vitundu vidogo mno ambayo hutawanya mwanga na kuturudishia macho yetu buluu. Njano juu ya buluu, jicho huona kijani. Kinda likizaliwa na kasoro inayozuia njano isitengenezwe, linabaki buluu na nyeupe. Njano ikibaki na rangi nyeusi iliyo ndani ya unyoya, ambayo buluu huitegemea, ikapungua, ndege anakuwa wa njano. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha jeni inayohusika na utengenezaji wa njano hiyo, na wakaona kwamba kasuku wa buluu wana badiliko dogo moja katika jeni hiyo. Porini kinda kama hilo huzaliwa mara chache sana, na huenda mwewe akaliona kabla ya wenzake. Katika banda la Uccle lilikuwa na ulinzi, chakula na mtu wa kulichagulia mwenzi.

Baada ya London ya 1910 mapenzi yakawa makubwa. Mwaka 1925 wafugaji wa Uingereza waliunda chama chao. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 matajiri wa Japani walinunua jozi za buluu kwa bei za ajabu. Mwaka 1958 kasuku wa Newcastle aliyeitwa Sparkie Williams, aliyekuwa na maneno zaidi ya 500, alishinda shindano la redio ya BBC. Hapo katikati ilipita hofu kubwa: mwaka 1929 na 1930 ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na bakteria wa kasuku uliua watu katika nchi kadhaa, na Marekani ikafunga mlango kwa kasuku kutoka nje. Kwa perushi kufungwa huko hakukuwa msiba. Walikwisha kuzaliana Ulaya na Marekani kwa vizazi vingi, na Australia ilipozuia biashara ya wanyamapori wake kwenda nje, hakuna duka lililokosa ndege. Makundi ya jangwani yaliachwa yafuate mvua yao.

Sasa tugeuke upande wetu.

Kasuku wa kijivu, *Psittacus erithacus*, si ndege wa Lubumbashi. Miombo ya Katanga ina kasuku wake, mdogo wa kahawia mwenye mabega ya njano, anayepasua mbegu za miti na kupita juu ya mashamba kwa sauti kali. Yule wa kijivu anataka msitu mkubwa wa mvua: Maniema, Tshopo, Équateur, Sankuru. Aliyemsogeza karibu nasi ni garimoshi. Mwaka 1928 reli ya Katanga ilifika Ilebo, kwenye mto Kasai. Mwaka 1956 ikakamilika njia ya Kabalo hadi Kamina, na tangu hapo mtu aliyepanda Kindu aliweza kushuka Lubumbashi akiwa na mzigo wake. Kindu penyewe moja ya wilaya za mji inaitwa Kasuku. Ndivyo ndege huyu alivyo wa nyumbani katika nchi ile.

Mzee mmoja wa familia ya reli anaweza kukueleza juu ya kasuku aliyeishi barazani kwao miaka 30, akawapita umri mbwa wote wa nyumba na kumwita kila mtoto kwa sauti ya mama yake. Siyadharau mapenzi hayo. Kasuku huyu huishi miaka 40 na zaidi akitunzwa vizuri, na akili yake ni kubwa kweli: kuanzia 1977 Irene Pepperberg, mtafiti wa Marekani, alimfundisha kasuku aliyeitwa Alex kutaja rangi, maumbo na hesabu ndogo, hadi Alex alipokufa mwaka 2007. Lakini baraza lile lilipataje kasuku wake?

Anayemkamata hupanda mti mrefu ambao kasuku hukusanyika jioni, au huenda kwenye uwazi wa msituni wanakoteremka kunywa maji na kula udongo wenye chumvi. Hupaka vijiti ulimbo, utomvu unaonata, kisha huweka karibu kasuku aliyefungwa ambaye hulia na kuwaita wenzake. Kasuku ni ndege wa jamaa. Akisikia mwenziwe analia, huja. Anayetua hunasa, na akijipigapiga ndivyo ulimbo unavyozidi kumshika. Hukatwa manyoya ya mabawa hapohapo. Kisha huingizwa kikapuni na wengine, hupita siku kadhaa kwa pikipiki au mtumbwi kabla ya kufika penye uwanja wa ndege. Makadirio ya wanaofuatilia biashara hii huweka wanaokufa njiani kati ya asilimia 30 na 66. Kwa hiyo aliyefika barazani akiwa mzima ameacha nyuma yake wenzake waliotupwa kando ya njia.

Na wale waliokufa hawarudishwi upesi. Kasuku wa kijivu huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu mpaka mitano, hutaga mayai mawili au matatu kwa mwaka, na huhitaji mti mkongwe wenye tundu refu, ule ule ambao mkata mbao anautaka. Perushi angeweza kuzaa vizazi kadhaa kabla kasuku huyu hajapata kinda la kwanza. Kati ya 1975 na miaka ya karibuni kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja waliingia katika biashara ya kimataifa iliyoandikwa rasmi. Nchini Ghana, ambako zamani walijaa, watafiti waliona wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99 tangu mwanzo wa miaka ya 1990.

Tusidhani kwamba udogo wa mwili peke yake ungewaokoa. Kando ya reli ileile iliyojenga Elisabethville, kusini-magharibi mwa Zambia, anaishi kasuku mdogo wa kijani mwenye mashavu meusi, *Agapornis nigrigenis*, anayefanana na perushi kwa udogo na kwa kutegemea mabwawa ya kunywea. Aliandikwa mwaka 1906. Mwaka 1929 walikamatwa 16,000 katika wiki nne tu, na mpaka leo makadirio ya waliobaki ni kama 10,000. Tanzania nayo ina ndege wa Fischer wa nyanda za Serengeti, aliyekuwa kasuku wa porini aliyeuzwa zaidi duniani mwaka 1987. Mwaka 1992 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wake. Hao wote hufugika na huzaa vizuri bandani, lakini maadamu kuwanasa porini kulikuwa rahisi kuliko kusubiri mayai, wafanyabiashara walinasa. Katika misitu yetu yuko ndugu yao mwingine mwenye ukosi mweusi shingoni, ambaye mmisionari Mbelgiji aliyejaribu kumfuga aligundua kwamba hufa ndani ya siku chache akikosa tini za porini. Huyo amebaki huru kwa sababu ya tumbo lake.

Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa ndege wa porini, kwanza mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, kisha moja kwa moja mwaka 2007, biashara iligeukia Asia, nchi za Ghuba na kusini mwa Afrika, ambako wafugaji wa Afrika Kusini walihitaji kasuku wa Kongo wa kuzalishia. Desemba 2010 kasuku zaidi ya 700 waliotoka nchini mwetu walikufa ndani ya ndege kati ya Johannesburg na Durban, katika safari fupi ya ndani. Mji wetu umeijua njia hii ya kusini kwa wanyama wengine pia: makao ya sokwe ya J.A.C.K. yalianzishwa Lubumbashi mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa sokwe waliokamatwa mikononi mwa wauzaji.

Oktoba 2016, Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe wa porini, zilipiga kura, 95 dhidi ya 35, kumweka kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani kuzuia biashara ya kimataifa ya waliotoka porini. Uamuzi ulianza kutumika Januari 2017. Serikali yetu iliweka pingamizi. Wakati nchi ikibishana na mkataba, huko Kindu wahifadhi wa mradi uliosaidia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa 2016 hiyohiyo, walikuwa wakipokea kasuku waliokamatwa kwa wauzaji na kuwapeleka kisiwani ndani ya Lualaba. Kazi ni ya subira. Unyoya uliokatwa haukui. Mzizi wake hukaa mwilini mpaka ndege anyonyoke kwa wakati wake, na hilo laweza kuchukua mwaka mzima. Wengine walikatwa vibaya mno hata hawataruka tena.

Kwa anayetaka ndege nyumbani hapa Lubumbashi, kuna kipimo kimoja ambacho muuzaji hawezi kukipamba kwa maneno. Mfugaji wa kweli huvisha kinda pete isiyo na kiungo, perushi akiwa na siku kama tano hadi kumi, kasuku wa kijivu akiwa na wiki mbili au tatu, wakati kidole bado ni laini na pete hupita. Wiki chache baadaye mguu umeshanenepa na hakuna awezaye kuiingiza wala kuitoa bila kuikata. Mwinue ndege, mtazame mguu. Perushi mchanga utamjua zaidi kwa michirizi inayofika mpaka juu ya mdomo, ambayo hufutika akitimiza miezi mitatu au minne. Baadaye nyama iliyo juu ya pua huwa buluu kwa dume na kahawia kwa jike. Kwa uwele, mtama, maji safi na ukuta wa kumkinga na upepo wa Julai, atazaa hapahapa mjini. Kasuku wa kijivu mkubwa asiye na pete, mwenye mabawa yaliyokatwa mraba kwa mkasi na macho ya njano ya ndege mpevu, ametoka mtini, na bei anayotajiwa mnunuzi ndiyo itakayomlipa mtu apande mti mwingine.