Maisha ya Pili ya Karatasi Katika Tarime na Serengeti

Karatasi huzaliwa ili iandikwe, lakini sehemu kubwa ya umri wake nyumbani hupita katika kazi nyingine. Historia ya maandishi husimulia siku yake ya kwanza, yaani siku ya kutoka mtamboni. Siku za baadaye, ambazo ni nyingi zaidi, aghalabu hazisimuliwi. Katika nchi ambayo leo ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, siku hizo zinastahili kutazamwa, maana zimeshikamana na elimu ya watu na kumbukumbu zao.

Wakurya, Wangoreme, Waikoma na jirani zao hapo kale hawakuhitaji karatasi kwa kufungia vitu. Jani la mgomba, kibuyu, kikapu na ngozi vilitosha. Karatasi iliingia pamoja na misheni, shule, duka na ofisi ya serikali. Mambo Leo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1923. Kiongozi la Wakatoliki lilitolewa Tabora tangu 1950. Uhuru lilizaliwa 1961. Gazeti lililosafiri hadi bara halikuwa kitu cha kutupwa. Likisha kusomwa na wengi, lilianza utumishi mpya.

Utumishi huo ulikuwa wa namna nyingi. Mwenye duka alilikata, akaliviringisha mfano wa pia, akafungia chumvi au karanga. Mwanafunzi alijalidia daftari lake. Mvutaji alisokotea tumbaku. Watoto walilifunga pamoja na matambara wakapata mpira. Mama wa nyumba alipika uji mzito wa unga, akabandika kurasa ukutani ili vumbi la udongo lisianguke na chumba kipate nuru. Mwalimu naye alipasua mfuko mtupu wa saruji, akachagua tabaka lililo safi, akachora juu yake ramani au irabu za somo la kesho.

Katika matumizi hayo yote, ukuta uliobandikwa ulikuwa na jambo la ziada: uliendelea kusomeka. Jambo hilo si dogo. Baina ya 1968 na 1972, Serikali ya Tanzania na UNESCO ziliendesha mradi wa kisomo katika mikoa minne ya Ziwa, nayo ni Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao: pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikadiriwa kuwa asilimia 67; mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Hata hivyo, msomaji mpya ni kama moto uliowashwa sasa hivi: asipotiwa kuni huzimika. Ndiyo sababu mwaka 1974 Kanda ya Ziwa ilipata gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Na palipokosekana kitabu, ukuta na kifungio cha chumvi vilikuwa maktaba ambayo hakuna kamati iliyoipanga.

Kisha zikaja siku za dhiki. Mpaka wa Kenya, ambao Tarime imepakana nao, ulifungwa Februari 1977 ukafunguliwa Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo nchi ilipigana vita na Uganda, na fedha za kigeni zikaadimika. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, huko Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 tu. Katika uhaba wa namna hiyo, upande wa nyuma wa barua ulikuwa ukurasa mpya, na pambizo ya daftari ilikuwa shamba lisiloachwa bila kulimwa.

Lakini uwekevu una gharama yake. Kila nakala iliyosokotewa tumbaku ni nakala iliyopungukia historia. Mtafiti atakayeuliza mkulima wa Mugumu alisoma nini mwaka 1975 atatafuta ushahidi ambao sehemu yake iliteketea kwa moshi na sehemu nyingine ikaanguka pamoja na kuta. Na hasara hiyo haihusu magazeti peke yake. Barua ya mzee, daftari la mkutano wa kijiji, orodha ya wanafunzi wa kwanza wa shule: hivi navyo huonekana makaratasi machakavu kwa mtu asiyejua thamani yake. Gazeti la Dar es Salaam laweza kuwa na nakala mahali pengine. Daftari la kijiji halina nakala.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na karatasi imepata tena heshima dukani. Hilo ni jema kwa ardhi na kwa mifugo. Hata hivyo, swali la zamani limerudi pamoja nalo. Kutumia tena karatasi ni hekima. Kuisoma kabla ya kuikunja ni hekima iliyo kubwa zaidi. Kilicho na jina la kijiji, mwaka na mwandiko wa mtu na kiwekwe sandukuni. Kilichobaki na kiende dukani, ukutani au jikoni. Wahenga walisema akiba haiozi. Karatasi huoza, huliwa na mchwa na huungua. Kwa hiyo akiba yake ni ya yule tu ajuaye ipi ya kutumia na ipi ya kuhifadhi.