Bughudha ya Kingono mbele ya Sheria: Bukavu, 1940–2023

Kanuni ya Adhabu ya 1940, iliyotumika Bukavu kama kwingineko Kongo, haikuitaja bughudha ya kingono. Tena Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufungua kesi ya madai.

Sheria Na. 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 ndiyo iliyoifanya bughudha hiyo kuwa jinai: kifungo cha mwaka 1 hadi 12, faini, au vyote viwili. Hata hivyo, mashtaka hayaanzi pasipo malalamiko ya mwathiriwa. Kwa hiyo hana budi kuhifadhi barua, ujumbe, tarehe na majina ya mashahidi, kisha kwenda polisi au parke. Sheria Na. 06/019 ilimpa haki ya kuwa na wakili na ya kuomba shauri lisikilizwe faraghani.

Sharti la idhini ya mume liliondolewa 2016. Kanuni ya Dijitali ya 2023 ikagusa bughudha ya mtandaoni. Walakini ufunguo wa mashtaka ungali mkononi mwa mwathiriwa, ambaye mara nyingi anamwogopa mtesi mwenye madaraka juu yake.