Uelekezaji wa matokeo
Uelekezaji wa matokeo ni kupeleka kwenye faili maandishi ambayo programu ya mstari wa amri ingeyaonyesha kwenye skrini. Katika Unix, alama > huandika faili upya, na >> huongezea mwishoni. Kazi hiyo ni ya sheli (programu inayopokea amri na kuziendesha), si ya programu yenyewe. Ushahidi ni amri sort majina.txt > majina.txt, ambayo huacha faili tupu, kwa kuwa sheli hufuta yaliyomo kabla sort haijaanza kusoma. Atakayesema kupeleka matokeo kwenye ubao wa kunakili (pbcopy kwenye macOS, clip kwenye Windows) badala ya faili ni salama zaidi ana nusu ya hoja: ubao hauharibu faili, lakini nakala ifuatayo huufuta. Hata matokeo yakielekezwa kwenye faili, ujumbe wa makosa hubaki kwenye skrini, ila ukielekezwa kwa 2>.