Alice, Nancy na siri isiyo na maiti: namna hadithi za binti mpelelezi zinavyotengenezwa

Kama ulisoma segonderi huku kwetu na shule yako ilikuwa na kabati moja ya vitabu, pengine ulikutana naye. Anaitwa Alice Roy. Ni binti wa avoka, anaendesha motokari yake mwenyewe, na katika kila kitabu anafichua siri moja. Kitabu ni cha Bibliothèque verte, mwandishi ni Caroline Quine. Mimi nilimkuta katika kitabu kilichokuwa kimekosa kurasa za mwisho, kumi hivi. Wiki nzima tulibishana darasani juu ya nani alikuwa mwizi, na mpaka leo sijui.

Kuna vijana wanaotuuliza namna ya kuandika hadithi kama zile, zile nyepesi, za kuchekesha kidogo, ambamo mtu hachinjwi. Ili kujibu vizuri, inafaa kwanza kujua zilitoka wapi.

Alice si Mfaransa. Jina lake la kwanza ni Nancy Drew, na alizaliwa Marekani tarehe 28 Aprili 1930, siku vitabu vyake vitatu vya kwanza vilipotoka kwa pamoja. Nyumba ya Hachette ilianza kumtoa kwa Kifaransa mwaka 1955, ikambadilisha jina. Wengi husema ni juu Nancy ni mji wa Ufaransa, wasomaji wangechanganyikiwa. Baba yake, Carson Drew, akawa James Roy. Rafiki yake George, msichana mwenye jina la kiume, akawa Marion. Na mwandishi Carolyn Keene akawa Caroline Quine.

Lakini Carolyn Keene naye hakuwa mtu. Hakuwahi kuishi.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa hadithi, Edward Stratemeyer. Yeye alikuwa na biro, si karakana, lakini kazi ilikuwa ya karakana kabisa. Alifikiri hadithi, akaandika muhtasari wa kurasa chache, akampa mwandishi wa kulipwa, kisha kitabu kikatoka kwa jina la kubuni. Mwaka 1927 alikuwa ameanzisha vitabu vya wavulana wawili wapelelezi, Hardy Boys, na vilipouzwa vizuri akaona hata wasichana wanahitaji wa kwao. Muhtasari wa Nancy akampa mwanamke kijana wa Iowa, Mildred Wirt, aliyekuwa amesomea uandishi wa habari chuo kikuu. Alikuwa na miaka 24. Stratemeyer mwenyewe alifariki Mei 1930, hata wiki mbili hazijaisha tangu vitabu vitoke, kwa hiyo hakuona alichokianzisha.

Mildred alilipwa dola 125 kwa kitabu. Mara moja, basi. Katika kontra alikuwa ameacha haki zote, na alikubali kutosema kwamba ni yeye anayeandika. Vitabu viliuzwa mamilioni, yeye hakupata hata senti ya ziada. Wakati wa shida kubwa ya uchumi malipo yaliteremshwa, akakataa, na vitabu vitatu vikaandikwa na mwanaume, Walter Karig. Baadaye alirudi. Kati ya vitabu 30 vya kwanza, 23 ni vyake.

Biro ilibaki mikononi mwa mabinti wa Stratemeyer, hasa Harriet Adams, ambaye kwa miaka mingi watu walimjua kama Carolyn Keene mwenyewe. Naye aliandika kweli, si kusema alidanganya yote. Siri ilitoka wazi mwaka 1980, katika tribinali huko New York, pale nyumba mbili za vitabu zilipogombania haki za kuchapa. Mildred aliitwa kutoa ushahidi, na hapo watu wengi wakajua kwa mara ya kwanza mkono ulioandika Nancy ni wa nani. Miaka 50 ilikuwa imepita. Yeye alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Toledo, kule Ohio, na aliendelea na kazi hiyo mpaka siku aliyofariki mwaka 2002, akiwa na miaka 96.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa sababu inagusa kila anayetaka kuandika. Mtu akikuletea karatasi ya kusaini, uliza: unanunua maandishi mara moja tu, ao kila kitabu kikiuzwa nami napata? Jina langu litaandikwa? Ukiambiwa hilo ni jambo dogo, mkumbuke Mildred.

Sasa hadithi zenyewe. Kitabu cha kwanza kinaeleza jambo ambalo kila familia hapa inalielewa: urithi. Mzee amefariki, familia tajiri yenye majivuno inachukua kila kitu kwa barua ya zamani ya wosia. Lakini mzee alikuwa amewaahidi ndugu wengine, maskini, kati yao wasichana wawili wanaoishi shambani. Nancy anaamini kuna wosia mwingine, mpya zaidi. Anatembea kwa watu, anauliza, anasikiliza, mpaka anagundua kwamba siri imefichwa ndani ya saa ya zamani ya marehemu. Hakuna aliyeuawa. Ila kama Nancy hatafaulu, wasichana wale wataendelea kuteseka. Kwa hiyo wepesi wa hadithi hauko katika jambo lenyewe, maana jambo ni zito. Uko katika namna binti anavyolibeba, bila woga mwingi, na chakula cha Hannah, mama anayelinda nyumba, kinamngoja jioni.

Wengine wataniambia: hapa kwetu, ambapo watu wamezoea habari za risasi, hadithi ya saa iliyopotea ni ya nini? Mimi naona kinyume. Mtoto anayesikia mabaya kila asubuhi kwenye redio (na sisi njo tunaoyasoma) ana haki ya kusoma siri ambayo inapata jibu.

Namna ya kutengeneza ni hivi, na waandishi wa biro ile waliishika vizuri. Jibu linajulikana kabla ya sura ya kwanza kuandikwa. Mwandishi anajua mwizi ni nani, alichukua nini, juu gani, na kosa gani dogo alifanya. Kisha anarudi nyuma na kupanda dalili, moja moja, mahali msomaji anapita bila kuangalia. Mwizi lazima aonekane mapema. Ukimleta katika sura ya mwisho, msomaji atakasirika, na ana haki. Kila sura inakatika pale mlango unafungwa ao taa inazimika, kwa sababu hiyo mtoto anasoma mpaka usiku wa manane.

Kitu cha kuacha pia kipo. Vitabu vile vya mwanzo vilichora watu weusi vibaya: mlinzi mlevi, mtu wa kuchekwa, anayeongea Kiingereza cha kuvunjika. Kuanzia 1959 Harriet Adams alianza kuviandika upya, sura zikapungua kutoka 25 mpaka 20, Nancy akatoka miaka 16 kufika 18, na maneno yale yakaondolewa. Mara nyingi, lakini, mtu mweusi mwenyewe njo aliondolewa. Mlinzi wa kitabu cha kwanza akawa mzungu, mambo yakaisha. Mimi hiyo siiiti kurekebisha.

Ukiandika ya kwako, usichukue motokari ya Nancy. Binti wa hapa ana kazi za nyumbani, ana wadogo wa kubeba, na mama atamuuliza umetoka wapi saa hii. Usiondoe vizuizi hivyo, maana vinaleta uchekeshaji na vinaleta wasiwasi. Mpelelezi mwenye ndoo ya maji kichwani anapita kila mahali, hakuna anayemshuku, na kwenye bomba anasikia mambo kuliko polisi.

Anza na kitu kidogo ambacho hakiko mahali pake. Tuseme ufunguo wa sanduku la akiba ya wamama. Jumapili uko, Jumatatu hauko, feza zote ziko palepale, hata franga moja haikuguswa. Nani anachukua ufunguo na kuacha feza? Andika kwanza jibu kwenye karatasi, ulifiche, kisha uanze sura ya kwanza.